Maswali yenu: puto, supanova na miale ya gama

Satelaiti zipo tele. Puto la nini?

Nimeshalijibu hili, ila haya. Hewa huimeza miale ya gama, yaani nuru yenye nishati kubwa mno isiyoonekana kwa macho, kabla haijafika ardhini. Puto hupanda hadi karibu kilomita 40, na hapo zaidi ya asilimia 99 ya hewa iko chini yake. Supanova 1987A, nyota iliyolipuka, ilionekana Februari 1987, na baadaye satelaiti ya Solar Maximum Mission, iliyoundwa kuchunguza Jua, ndiyo iliyotangulia kunasa miale ya gama ya supanova hiyo. Lakini vigunduzi vya jermaniamu, vinavyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ndivyo vinavyopambanua nishati kwa ukali, na vilipanda kwa puto.

Kwa nini puto zilirushwa Alice Springs, Australia?

Supanova 1987A imo katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani na yetu, kusini sana mwa anga. Ukiwa kaskazini, kama Texas nchini Marekani, haichomozi kamwe. Angalieni ramani ya anga kabla ya kuniandikia.

Grafu yetu ina kilele kwenye nishati ya kiloelektronivolti 847. Tutangaze?

Msithubutu! Ni kweli kobalti-56, metali nururishi inayotokana na mlipuko wa supanova, ikigeuka chuma hutoa miale ya 847, na mingine ya 1238. Lakini miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi kutoka angani, hupiga hewa na kifaa chenyewe na kung'oa chembe ziitwazo nyutroni, nazo zikigonga alumini ya fremu hutoka miale ya 844 hivi. Kigunduzi butu, kisichopambanua nishati kwa ukali, huvichanganya vilele viwili hivyo. Zikigonga chuma, ndiyo balaa: hutoka 847 ileile. Kwa hiyo elekezeni kifaa kwenye supanova dakika kadhaa, kisha pembeni, kimo kilekile, mtoe hesabu ya pili kwenye ya kwanza, mrudie usiku kucha. Kilichobaki ndicho cha kujadili. 1238 nayo iko wapi? Grafu isiyo na kipimo cha pembeni msiniletee tena.

Miale ya gama ilichelewa kuliko nuru ya kawaida kwa sababu ya umbali?

Nuru ya kawaida ilisafiri umbali uleule. Kilichoizuia miale ya gama ni tabaka za nyota yenyewe. Tena iliwahi: ilinaswa kuanzia Agosti 1987, mapema kuliko walivyokadiria, maana kobalti ilikuwa imechanganyika hadi tabaka za nje.

Inaweza kutudhuru?

Kutoka miaka ya nuru zaidi ya 160,000? Hapana.

Nikifunga kigunduzi kidogo kwenye puto la hali ya hewa?

Utapima miale ya kosmiki, nalo ni jambo zuri. Supanova sahau. Na omba kibali cha mamlaka ya anga kwanza; ndege zina abiria.