Kapanga mstari darasa zima, kaambiwa wanafunzi hawakushiriki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kwenye mazoezi ya kufundisha, somo la michezo. Netiboli nacheza vizuri na kila kitu naonyesha mwenyewe mbele ya darasa. Aliyekuja kunikagua kaandika eti wanafunzi hawakushiriki vya kutosha, wakati mi niliwaona wote wametulia kwenye mistari wananisikiliza. Kuna mtu anauza maandalio ya somo yaliyokamilika, nikinunua yatanisaidia?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Huyo muuzaji hajui una wanafunzi wangapi, mipira mingapi wala uwanja wako ukoje, sasa hilo andalio kamwandalia nani?

Hiyo mistari ndio shida yako, na karibu kila ninayemkagua anayo. Piga hesabu: wanafunzi 40, mipira 2, mistari miwili ya watu 20. Zamu moja ya kupokea na kurusha ikichukua sekunde 15, mtoto anasubiri karibu dakika 5 ndo ashike mpira tena, yaani kwa dakika 20 za zoezi kaushika mara 4! Mara 4 hajifunzi kurusha pasi ya kifua, anajifunza kusimama tu. Kutulia sio kushiriki, na wewe kucheza vizuri hakumpi yeye mikono yako.

Kipindi kijacho mwambie mwenzako achague mtoto mmoja, tena asiwe yule hodari, ahesabu ameshika mpira mara ngapi na kwa saa ya simu apime umeongea dakika ngapi. Hizo namba mbili zitakufundisha kuliko maoni yangu yote. Halafu vunja mistari, watu wanne wanne, mipira ikiwa michache shona ya matambara, na kundi lisilo na mpira lipe kazi ya miguu, kukimbia na kusimama ghafla, kugeuka bila kuburuta mguu, maana netiboli nusu yake ni hiyo. Maelezo yasizidi dakika moja. Na ukisema "safi sana" hujamrekebisha mtu, mwambie viwiko vimekaaje, mguu upi utangulie.

Jamani na nyie wengine mnaosoma hapa, acheni hii tabia ya kuuziana maandalio na kutunza "somo la mkaguzi" ambalo darasa limeshafanya mara tatu ili siku ya ugeni lipite bila kosa. Mnanificha mimi kosa ambalo nimekuja kuliona ili niwasaidie, mnamaliza chuo na alama nzuri halafu mnakabidhiwa watoto peke yenu, hakuna wa kuwaambia tena. Na hamnifichi kitu. Kuna darasa mwalimu kaanza tu kueleza, mtoto wa mbele akanyoosha mkono, "mwalimu, si tulifanya hii juzi na jana?"