Usiombe Uwanja, Omba Saa

Kosa langu la kwanza lilikuwa tepu.

Jumamosi moja asubuhi niliingia kiwanja cha umma cha mtaani kwetu hapa Kisumu pamoja na walimu wenzangu wawili, watoto kumi na wanne, tepu ya mita 50 na fungu la vigingi. Tulitaka tu kujua kama besi nne za besiboli, yaani vituo vinne anavyokimbilia mpigaji, zingeenea. Hatujapigilia kigingi cha tatu, mama wa mboga wa kando ya barabara ameshasimama, vijana wa boda wamezima pikipiki, na mzee mmoja anatujia na fimbo yake bila haraka.

"Mwalimu," akasema, "hii kiwanja imeuzwa lini?"

Sikuweza kumlaumu. Kwetu mtu mwenye tepu katikati ya ardhi ya umma hajawahi kuwa habari njema. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria, na wazee wengi wa mtaani hawakuihitaji ripoti hiyo ili kujua. Nilimwonyesha mpira, glavu na gongo. Akaushika mpira, akaupima uzito mkononi, akauliza kama huu ndio ule mchezo wa Wamarekani. Nikamwambia ni raunda iliyokwenda ng'ambo ikarudi na kofia. Akacheka, lakini vigingi tuliving'oa siku hiyo.

Kwa hiyo, kama una timu ya watoto na unatafuta pa kuchezea, anza na watu wanaokizunguka kiwanja kabla ya kuandika barua yoyote. Kaa pale na daftari. Mimi nilikaa wiki mbili, nikaandika nani anakitumia na saa ngapi. Jioni zote ni za kandanda. Jumapili asubuhi kuna kanisa linalokutana chini ya hema. Mara moja moja kuna mkutano wa injili wa siku tano, na wakiondoka huacha vigingi vya chuma ardhini (hivyo vitafute kwa mikono kabla mtoto hajavipata kwa goti). Jumamosi kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi hapakuwa na mtu, ila mbuzi.

Hizo saa tatu ndizo nilizopaswa kuomba tangu mwanzo. Badala yake barua yangu ya kwanza kwa kaunti ilisema, kwa Kiswahili cha kupendeza sana, kwamba tunaomba "kutengewa uwanja wa besiboli". Ilikaa miezi minne bila jibu. Siku nilipomkuta afisa mmoja nje ya ofisi, akanieleza kwa upole: "Mwalimu, wewe uliomba ardhi. Hakuna mtu hapa atatia sahihi barua ya ardhi."

Barua ya pili iliomba vitu vinne tu: zile saa tatu za Jumamosi asubuhi, ruhusa ya kusimamisha wavu wa kuondolewa baada ya mchezo, pembe ya stoo ya kuweka sanduku moja, na mtu wa kutukabidhi ufunguo. Chini yake palikuwa na sahihi ya kiongozi wa vijana wa kandanda wanaokitumia kiwanja kile jioni. Nilipewa jibu ndani ya wiki tatu. Sahihi ile ilifanya kazi kuliko barua yenyewe, na niliipata kwa kuahidi kwamba hatutakwangua nyasi hata hatua moja. Picha za Marekani zinaonyesha udongo mwekundu uliosawazishwa kati ya besi. Usimtajie mtu wa kandanda jambo hilo. Udongo wetu mweusi wenyewe haufai: ukinyeshewa unabeba kiatu, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kifundo cha mguu. Nyasi zinatosha.

Weka vipimo ndani ya barua, maana afisa akisikia besiboli anawaza uwanja wa runinga. Watoto wa miaka 12 kwenda chini huchezea mraba wenye mita 18.29 kutoka besi hadi besi, na mrushaji husimama mita 14.02 kutoka kwa mpigaji. Wakubwa ndio wenye mita 27.43 na 18.44. Kwa watoto, uzio wa mbali huwekwa kama mita 61 kutoka kwa mpigaji, na uwanja wa kandanda wenye upana wa mita 68 unaimeza robo duara hiyo ukianzia kwenye kibendera cha kona. Tatizo ni kwamba goli linaangukia juu ya mstari wa faulo, ule mpaka wa pembeni ambao mpira ukipigwa nje yake si halali. Sisi tulijitungia sheria: mpira ukigonga nguzo ya goli, mpigaji anapewa besi mbili. Sasa wako watoto wanaolenga nguzo makusudi.

Chagua kona kwa kuangalia jua. Kanuni za Wamarekani hupendelea mpigaji atazame mashariki-kaskazini-mashariki, na ina maana kwao kwa sababu mechi nyingi zilizoeleka kuchezwa alasiri, jua likiwa mgongoni mwake. Sisi tunacheza asubuhi, kwa sababu alasiri Kisumu mvua ya radi haina adabu. Ukinakili kanuni hiyo, mtoto atasimama na gongo huku jua la saa mbili limemtoboa macho. Mpigaji wetu hutazama kaskazini, jua linampitia ubavuni. Anayeumia kidogo ni mlinzi wa besi ya tatu, kwa kuwa anaporusha kwenda besi ya kwanza analitazama jua. Kofia zina kazi yake, si pambo.

Kuhusu wavu, nisikilize vizuri, maana hapa nililipa. Mpira wa besiboli una gramu 142 hadi 149 na ni mgumu kama jiwe la mtoni. Wiki ya pili ya mazoezi faulo moja iliruka nyuma, ikavunja kioo cha pembeni cha Probox iliyoegeshwa. Mwenyewe alikuwa mtu muungwana, alikubali alipwe kwa awamu mbili. Wavu wa dukani ulitushinda bei, tukaenda kwa wavuvi, tukiamini kwamba mji wa ziwani haukosi nyavu kuukuu. Nyavu hazikukosekana, ila zinazofaa ndizo zilizotusumbua. Mpira una mzingo wa sentimita 23, na jicho la wavu wa samaki wakubwa kama mbuta au ngege ni pana, unapita bila kuaga. Wavu wa omena, dagaa wetu wa ziwani, haupitishi kitu, lakini unashika upepo kama tanga. Uliangusha nguzo zetu mbili siku ya kwanza. Mwisho tulilaza tabaka mbili za wavu wa ngege, macho yakipishana, tukaziacha zining'inie kwa ulegevu. Ukiukaza wavu, mpira unadunda kumrudia kecha, yule mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji. Ukilegea, mpira unakufa na kuanguka. Nguzo ni za mkaratusi, zinaingia kwenye mabomba mafupi ya chuma tuliyozika usawa wa ardhi na kuyawekea vifuniko, ili jioni mtu wa kandanda asijikwae.

Kama unataka kitu cha kudumu, mfano bomba la maji au choo, hapo saa hazitoshi, utahitaji bajeti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka vifaa vya michezo na bustani za umma mikononi mwa kaunti, basi usipelekwe Nairobi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na watu wengi hupeleka maombi Mei au Juni, wakati kila kitu kimeshapangwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Peleka ombi lako Julai, nakala kwa mwakilishi wadi, kisha nenda kwenye vikao vya kusikiza wananchi na usimame useme. Mpeleke mtoto mmoja aliyevaa glavu. Si ujanja, ni kwamba watu wataikumbuka glavu hata wakisahau jina lako. Ukinyamaziwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuuliza kwa maandishi ombi lako limefika wapi, na inawapa siku 21 kujibu.

Ada nayo ina mahali pake. Viwango hupangwa kwenye sheria ya fedha ya kaunti. Omba uonyeshwe, ulipe kwa njia rasmi na uchukue risiti. Niliwahi kumpa mlinzi wa kiwanja kimoja "ya chai" ili atufungulie lango. Jumamosi iliyofuata chai ilikuwa imepanda bei.

Wakati unasubiri majibu, usiwaache watoto nyumbani. Kuna Baseball5, isiyo na gongo wala glavu: watoto watano kila upande, wavulana kwa wasichana, mpira wa raba unapigwa kwa mkono, na besi ziko mita 13 tu. Hata ua wa shule unatosha. Imo kwenye orodha ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, na maneno hayo peke yake yalimfanya mwalimu mkuu mmoja anifungulie ua ambao alikuwa ameninyima muhula mzima.

Mzee mwenye fimbo anakuja Jumamosi nyingi. Hukaa upande wa besi ya kwanza, chini ya mti, na sheria ya nguzo ya goli haikubali mpaka leo. Anasema goli ni goli.