Je, Kapteni Kidd alikuwa haramia kweli?

SWALI: Mhariri, kuna wanaoandika kwamba William Kidd alikuwa haramia katili aliyestahili kitanzi, na wengine kwamba alikuwa nahodha mtiifu aliyesalitiwa na wakubwa waliomtuma. Tushike lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, masimulizi hayo yalianza kushindana Kidd mwenyewe akiwa hai. Mwaka 1696 Mfalme William wa Tatu wa Uingereza alimpa hati ya kuwasaka maharamia na nyingine ya kukamata meli za Ufaransa, adui wa wakati huo, na gharama zikabebwa na mabwana wakubwa, akiwamo Lord Bellomont. Januari 1698, katika pwani ya India, aliiteka meli ya Quedagh Merchant, iliyosheheni hariri, sukari na kasumba. Nahodha wake alikuwa Mwingereza, lakini meli ilikuwa na pasi ya Ufaransa, yaani hati ya kusafiri chini ya ulinzi wa Wafaransa, na kwa sababu hiyo Kidd alishikilia kuwa ilikuwa ngawira halali.

Pasi hiyo, pamoja na ya meli nyingine aliyoiteka kabla, alimkabidhi Bellomont, naye akazipeleka London. Hata hivyo, kesi iliposikilizwa Mei 1701 hazikuletwa mahakamani ingawa mshtakiwa aliziomba, na zilipatikana katika nyaraka za serikali mwanzoni mwa karne ya 20. Mashahidi wakuu dhidi yake nao walikuwa watu wa merikebu yake mwenyewe, waliotoa ushahidi ili wasamehewe. Kwangu mimi, hiyo haikuwa haki.

Lakini pasi hazimsafishi kwa yote. Agosti 1697, karibu na Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, aliuandama msafara wa meli za biashara kutoka Mocha, bandari ya Yemen, ambao hakuna hati iliyomruhusu kuugusa, mpaka meli ya Kiingereza iliyokuwa ikiulinda ikamfukuza. Oktoba mwaka huohuo alimpiga mpiga mizinga wake, William Moore, kichwani kwa ndoo ya mbao yenye pete za chuma, na Moore akafa siku iliyofuata. Mashahidi wa mashtaka walieleza kipigo cha hasira. Kidd alidai kwamba mabaharia walitaka kuiteka meli asiyoruhusiwa kuigusa, na Moore alikuwa miongoni mwa wachochezi. Tukiamini maelezo yake, ndoo ileile inayomwonyesha kuwa mkatili inamwonyesha pia akiuzuia uharamia. Mauaji hayo ndiyo aliyotiwa hatiani kwanza, na adhabu yake ilikuwa kifo, kwa hiyo hata pasi zingewekwa mbele ya majaji, zisingemwondolea hukumu hiyo.