Giddings aliwaachia wapiga kura waamue

Swali lenu la wiki linauliza kama mbunge aliyeadhibiwa na wenzake kwa sababu ya hoja aliyoitoa abaki kitini au ajiuzulu. Nalijibu kwa mfano wa Joshua Giddings, wakili kutoka Ohio aliyeingia katika Baraza la Wawakilishi la Marekani Desemba 1838, wakati ambapo kanuni za Baraza hilo zilizuia maombi ya wananchi kuhusu utumwa yasijadiliwe.

Novemba 1841, watumwa waliokuwa wakisafirishwa kutoka Virginia kwenda New Orleans katika merikebu iitwayo Creole waliasi wakiongozwa na Madison Washington, wakailazimisha iende Nassau, katika koloni la Uingereza la Bahamas, ambako utumwa ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku. Serikali ya Marekani ilipowadai, Giddings aliwasilisha maazimio mnamo Machi 21, 1842. Hakuyagusa mamlaka ya majimbo hata kidogo. Alisema kwamba utumwa husimama juu ya sheria ya jimbo peke yake, na kwa kuwa sheria ya Virginia haifiki bahari kuu, watu wale hawakuvunja sheria yoyote ya Marekani walipojitwalia uhuru wao. Sijaona hoja iliyopimwa kwa uangalifu zaidi ya hiyo.

Kesho yake Baraza lilimkaripia rasmi kwa kura 125 dhidi ya 69, bila kumruhusu kujitetea. Hata mwizi wa kuku hupewa nafasi ya kujieleza! Giddings alijiuzulu mara moja, akarudi nyumbani, na mwezi Aprili wapiga kura wake wakamrejesha Washington kwa ushindi mkubwa. Tangu hapo ikawa vigumu kudai kwamba maneno yale yalikuwa ya mtu mmoja mkaidi, na mwishoni mwa 1844 kanuni ile ya kuzuia maombi kuhusu utumwa ilifutwa, ingawa haki inataka tuseme kwamba aliyeibeba kazi hiyo zaidi alikuwa John Quincy Adams, rais wa zamani aliyerudi kuwa mbunge.

Kwa hiyo nasema ajiuzulu, lakini kwa sharti. Kaskazini-mashariki mwa Ohio utumwa ulichukiwa sana, na Giddings aliwajua watu wake. Mbunge ambaye hajapata kuieleza hoja yake jimboni aanze kwanza kuwaeleza waliomtuma, maana bila wao kujiuzulu kwake kutawapa wapinzani kiti bure. Giddings alichaguliwa tena na tena, akabaki bungeni hadi 1859.