Johns Hopkins si chuo cha udaktari tu

Mkuu, umeuliza kama Johns Hopkins ni chuo cha serikali na kama wanafundisha udaktari tu. Yote mawili hapana.

Ni chuo binafsi, kipo Baltimore, Marekani. Johns Hopkins (ndiyo, "Johns" na s yake, ni jina la ukoo wa mama wa babu yake) alikuwa mfanyabiashara. Alipofariki 1873 aliacha dola milioni 7 za kuanzisha chuo na hospitali. Chuo kikafunguliwa 1876, na rais wake wa kwanza, Daniel Coit Gilman, akachukua mtindo wa Ujerumani: profesa haishii kufundisha, anatafiti, na wanafunzi wa shahada za juu wanatafiti pamoja naye. Marekani jambo hilo lilikuwa geni, ndiyo maana kinaitwa chuo cha kwanza cha utafiti kule.

Hospitali ilifuata 1889, shule ya tiba 1893. Hapo kuna mama nampenda sana, Mary Elizabeth Garrett: fedha zilipopungua alizitoa yeye, kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe sawa na wanaume. Wakakubali, wangefanyaje!

Zaidi ya tiba kuna uhandisi, muziki pale Peabody, shule yake ya muziki, na maabara iliyotengeneza DART, chombo cha anga kilichogonga asteroidi (jiwe kubwa la angani) mwaka 2022.

Kuhusu ada, ni kubwa. Ila 2018 Michael Bloomberg, bilionea aliyesoma hapo, alitoa dola bilioni 1.8 kusaidia wanafunzi wa shahada ya kwanza wasio na uwezo. Kama ndiyo ngazi unayolenga, omba msaada wa ada pamoja na maombi ya kujiunga.