Bangi ya Dawa: Miche ya Uani na Fungu Lililokataliwa

SWALI: Mdogo wangu ana kifafa, nami nimesoma kwamba bangi husaidia. Nikipanda miche mitatu uani kwa ajili yake tu, bila kuuza hata jani, kosa liko wapi?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Kwanza sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 unaruhusu kulima bangi kwa tiba na utafiti, ila chini ya taasisi ya serikali inayotoa leseni, kuainisha mashamba na kuchukua mavuno kabla ya miezi minne kupita tangu msimu wa kuvuna uishe. Desemba 2020 bangi iliondolewa kwenye Jedwali la Nne la mkataba huo, lenye masharti makali zaidi, na wengi wakadhani imehalalishwa. Bado imo Jedwali la Kwanza, yaani ingali inadhibitiwa. Kanada humruhusu mgonjwa aliyesajiliwa kujilimia. Kwingi ni kosa la jinai, hivyo ulizia kabla ya kugusa mbegu.

Kinachotuhangaisha zaidi ni mdogo wako. Dawa ya kifafa iliyoidhinishwa inayotokana na bangi ni CBD iliyosafishwa, yaani kemikali ya bangi isiyolevya, miligramu 100 katika kila mililita, na ni kwa aina chache za kifafa, zikiwemo Dravet na Lennox-Gastaut. Huanza kwa miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa mara mbili: mwenye kilo 40 hupata 200. Uani utazipimaje? Mbegu nyingi za mitaani zina THC, kemikali inayolevya, nyingi na CBD kidogo, na hata kwenye mche mmoja ua la kileleni huwa na nguvu kuliko la chini. Tena CBD hugongana na dawa nyingine za kifafa: pamoja na valproeti huweza kuumiza ini, pamoja na klobazamu huzidisha usingizi. Asiache dawa zake. Mpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu na orodha ya kila anachomeza.

SWALI: Kikundi chetu kina leseni, lakini maabara imekataa fungu zima kwa ukungu. Je, tulichanganye kidogo kidogo na fungu safi?

JIBU: Hapana, hata gramu moja. Mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imeshuka akivuta vijimbegu vya kuvu aina ya Aspergillus anaweza kupata maambukizi ya mapafu yatakayomuua. Mionzi huua kuvu, lakini sumu ambayo kuvu imeshaitoa hubaki.

Pasueni ua nene katikati. Likiwa na kijivu ndani ilhali nje ni zuri, ukungu ulianzia shambani: miche ilibanana, hewa haikupita. Kama ndani ni safi, kagueni chumba cha kukaushia. Kinatakiwa nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi, unyevu wa asilimia 55 hadi 60, matawi yasigusane. Msikimbilie kupulizia miklobutanili, dawa ya kuua ukungu. Ua lililopuliziwa likichomwa hutoa sianidi ya hidrojeni, gesi ya sumu.

Fungu lililokataliwa liandikiwe namba, uzito na tarehe, kisha liteketezwe mbele ya mkaguzi.