Kabla hujaandika "kano imechanika"

Kila kundi jipya la wanafiziotherapia linaloanza kozi ya altrasaundi huja na kosa lilelile la bega, na wasimamizi wanalifuta kwenye ripoti mpaka kalamu zinaisha wino. Wadogo zetu mnaosomea Uingereza, someni haya kabla hamjashika probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi.

1. Supraspinatasi, kano ya juu ya bega. Mgonjwa ameketi, kiganja kiko kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kiwiko kimeelekea nyuma. Probu bapa, megahezi 12 hivi, kina cha sentimita 3 hadi 4. Mnaona doa jeusi pale kano inaposhikana na mfupa, na papo hapo mnaandika: imechanika. Jamani, subirini! Nyuzi za kano hupinda kabla ya kuingia mfupani. Mawimbi yasipozipiga kwa pembe ya nyuzi 90, mwangwi unakwenda pembeni badala ya kurudi kwenye probu, na kano isiyo na tatizo inatoka nyeusi. Ndiyo anisotropia hiyo. Ongeza jeli, kandamiza ncha moja ya probu polepole, kisha ya pili, huku jicho liko kwenye doa. Likijaa mistari myeupe, kano ni salama. Likibaki jeusi kwa kila pembe, zungusha probu ulione na kwa upana. Halafu tafuta mashahidi: uso wa juu wa kano uliobonyea, mfupa ulioparuzika, maji kwenye bursa (kifuko kinacholainisha kiungo), mstari mweupe mkali juu ya gegedu. Hakuna shahidi hata mmoja? Mwite msimamizi. Na hata mchaniko ukiwa wa kweli, watu wengi waliovuka miaka 60 wanao na hauwaumi; pima bega kwa mikono kwanza, ndipo uunganishe picha na maumivu.

2. Dopla, ile sehemu ya mashine inayoonyesha mtiririko wa damu: legeza mkono. Ukikandamiza, mishipa midogo inazibika na kiungo kilichovimba kinaonekana hakina damu ya ziada.

3. Daftari la skani lijazwe na viungo vizima pia. Asiyejua kano nzima ilivyo hawezi kuitambua mbovu. Tena CASE, chombo cha Uingereza cha kuidhinisha mafunzo ya altrasaundi, inathibitisha kozi, haikupi ruhusa ya kupima mwili mzima. Umepitishwa bega, pima bega; kifundo cha mguu kisubiri zamu yake. HCPC, baraza la kusajili wataalamu wa afya kule, inakusajili kama mwanafiziotherapia, na cheo cha sonografa (mpiga altrasaundi) hakilindwi na sheria, kwa hiyo mwajiri makini atauliza nani alikusimamia, nani anakagua picha zako sasa, na bima yako inafika wapi. Kozi ya wikendi haiyajibu hayo. Pateni msimamizi kabla ya kulipa ada! Wengi wanakwama hapo: nadharia wamemaliza, mashine ipo, wa kusaini hayupo.

4. Ripoti itaje ulichoangalia, usichokiona vizuri na sababu yake. Kila tatizo lihifadhiwe picha mbili, kwa urefu na kwa upana. Ukikutana na uvimbe usioujua, usiubatize jina. Andika rufaa ya radiolojia kabla mgonjwa hajavaa shati.